Sufuria Isiyo na Nyama na Bakuli la Paka

Nyumbani kwetu hatupiki nyama wala samaki, na ni nadra kupika kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa. Jioni inapofika mimi hufungua jokofu, nikatazama kilichobaki, nikauliza nani ana njaa kali na nani anaweza kuvumilia kidogo, kisha nikaanza kukata. Hali hii haikuletwa na falsafa yoyote kubwa. Binti yetu mkubwa aliacha nyama kwa hiari yake, sisi wengine tukaona ni usumbufu kuinjika sufuria mbili kila siku, na baada ya muda ile ya pili ikasahaulika. Yupo hata hivyo mkazi mmoja wa nyumba hii ambaye hakushirikishwa katika uamuzi huo, na ambaye kwa maumbile yake asingeweza kuukubali hata kama angeshirikishwa. Huyo ni Chausiku, paka wetu mweusi, anayeshinda chini ya meza ya jikoni tangu kisu kinapogusa kibao hadi sahani ya mwisho inapooshwa. Kuishi naye kumenifundisha kwamba ninaweza kubuni karibu chochote katika sufuria yetu, lakini sina ruhusa ya kubuni lolote katika bakuli lake.

Nianze na sufuria. Kupika kwa kubuni si kutupia chochote popote. Vitu hubadilika kila siku, lakini mpangilio wake haubadiliki sana: kwanza mafuta na kitunguu, halafu viungo, halafu kitu cha kuleta uzito, halafu mboga kwa zamu kulingana na ugumu wake, na mwisho kabisa kitu kichachu. Bizari na manjano hutangulia kwenye mafuta kwa sababu sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, hivyo mtu anayevimwaga katika mchuzi ambao tayari unatokota atapata rangi nzuri na harufu hafifu. Karoti huingia kabla ya kabichi, na kabichi kabla ya majani laini. Ndimu au siki hungoja hadi moto uzimwe, kwa kuwa matone machache hukichangamsha chakula ambacho kimekolea chumvi lakini bado kimedorora.

Lawama ambayo wageni huirudia, wengine kwa adabu na wengine bila adabu, ni kwamba chakula kisicho na nyama huwa chapwa. Mara nyingi wanasema kweli, ila mboga zinasingiziwa. Nyama hubeba ladha nzito ambayo kwa sehemu hutokana na glutamati, na glutamati hiyo hiyo imo kwa wingi katika nyanya zilizoiva vizuri, katika uyoga, katika mchuzi wa soya na katika jibini iliyokomaa. Mpishi anayetia nyanya, akakoroga mara mbili na kuongeza maji, hajapata chochote kutoka kwake. Nyanya inataka kukaangwa hadi maji yake yakauke, irojeke, iwe nyekundu ya kukoza na mafuta yaanze kujitenga pembeni mwa sufuria. Uyoga nao unataka nafasi: ukijazwa kwenye kikaango kidogo hutoa maji na kujichemsha wenyewe, lakini ukitandazwa na kuachwa bila kuguswaguswa hukauka, hubadilika rangi na kunukia kama kitu kilichochomwa. Nikiulizwa tofauti kati ya mpishi mzuri wa mboga na mpishi wa kawaida, jibu langu ni subira katika hatua hizo mbili, na wala si wingi wa viungo kabatini.

Ubunifu una mipaka pia, na mmoja wao uko kwenye maharage mekundu. Maharage haya yakiwa mabichi yana protini iitwayo fitohemaglutinini, ambayo humletea mlaji kichefuchefu, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na punje chache tu zinatosha. Dawa yake ni rahisi: yalowekwe saa 5 au zaidi, maji yake yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya kwa moto mkali kwa dakika 10 kamili kabla ya moto kupunguzwa na kuachwa yaive taratibu. Moto hafifu usiofikia kuchemka haufanyi kazi hiyo, na unaweza hata kuiongezea sumu hiyo nguvu, ndiyo maana siyatii moja kwa moja kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole. Nyanya na ndimu husubiri hadi maharage yawe laini, kwa kuwa uchachu huzuia maganda yake kulainika. Mwenye haraka apike adesi nyekundu zilizokobolewa, ambazo hazihitaji kulowekwa na huiva kwa muda wa kupanga meza na kugombana na watoto kuhusu kuosha mikono.

Juzi, kwa mfano, jokofu lilikuwa na biringanya moja, nusu ya pilipili hoho iliyoanza kusinyaa, na bakuli la kiporo cha wali. Biringanya hunywa mafuta bila kushiba, kwa hiyo niliikata vipande, nikainyunyizia chumvi, nikaiacha itoe jasho na kisha nikaikamua kwa kitambaa safi, jambo ambalo hupunguza ile tabia yake ya kufyonza. Niliikaanga hadi kingo zake zikawa za kahawia, nikaitoa, nikatumia kikaango hicho hicho kwa kitunguu na bizari, nikarudisha kila kitu pamoja na adesi zilizokwisha kuiva na kijiko kikubwa cha siagi ya karanga ili mchuzi ushikane. Wali niliupasha moto kwa mvuke hadi ukafuka. Ulikuwa umewekwa kwenye jokofu usiku uliotangulia mara tu ulipopoa, nami sina mzaha katika hilo, kwa sababu mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kupikwa, na wali unaoachwa mezani kwa saa nyingi humpa nafasi ya kuzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Mwanetu mdogo alionja, akatafakari, akauliza, “Baba, hiki kinaitwaje?”

“Kinaitwa chakula cha jioni,” nilimjibu, na jina hilo limebaki kwa kila kitu ninachopika bila mpango.

Wakati haya yote yakiendelea, Chausiku alikuwa chini ya meza, mkia ameuzungusha kwenye miguu, macho kwenye ukingo wa kibao. Watu hudhani kwamba jiko lisilo na nyama ni mahali salama kwa paka, kwa kuwa hakuna mifupa ya kumkwama kooni. Ukweli ni kinyume chake. Kitu hatari zaidi kwake jikoni kwetu ndicho kile ninachoanzia karibu kila siku, yaani kitunguu. Kitunguu maji, kitunguu saumu, majani ya vitunguu na jamii yao yote vina kemikali za salfa ambazo huziharibu chembe nyekundu za damu ya paka na mbwa hadi zikapasuka, na paka huathirika upesi zaidi kuliko mbwa. Kupika hakuziondoi kemikali hizo, na unga wa vitunguu ni mbaya zaidi kwa sababu ndani yake vitu hivyo vimekolezwa. Kinachofanya jambo hili liwe la hila ni kwamba dalili zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa: mnyama hulegea, fizi zake hupauka, hupumua harakaharaka, mkojo wake huwa wa rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, na hakuna anayekumbuka tena mchuzi alioulamba mwanzoni mwa wiki. Kwa sababu hiyo nyumbani kwetu maganda huenda moja kwa moja kwenye pipa lenye kifuniko, sahani hazishushwi sakafuni ili zilambwe, na mgeni anayetaka kumrushia paka kipande cha mkate kilichochovywa mchuzi huombwa kwa upole aache. Wengine huona tumezidi. Mimi nimeridhika waone hivyo.

Chokoleti, zabibu na zabibu kavu nazo hukaa juu kabatini, hasa kwa ajili ya mbwa wa mama mkwe, ambaye huja naye kila anapotutembelea na ambaye, tofauti na Chausiku, hula kwanza na kunusa baadaye. Maua ya lili hayaingii kabisa ndani ya nyumba, hata kama yametolewa kwa upendo, kwa kuwa hata chavua yake ikimdondokea paka kwenye manyoya naye akajilamba, figo zake zinaweza kushindwa kufanya kazi.

Chausiku mwenyewe ana ladha zake, nazo ni za ajabu. Vitu vitamu havimvutii hata kidogo. Awali nilidhani ni maringo, kumbe paka hawaonji utamu wa sukari: utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba jeni moja, yaani chembe ya urithi, kati ya mbili zinazounda kipokezi cha utamu haifanyi kazi katika jamii ya paka. Anachokifuata kwenye keki ni siagi. Maziwa anayapenda, lakini hatumpi, kwa sababu paka wengi wakikua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa na huishia kuharisha. Mwanetu mdogo alilipokea hilo kwa uchungu, maana katika kila kitabu chake cha picha paka ana sahani ya maziwa mbele yake.

Swali zito lilitoka kwa binti yetu. Aliliuliza mezani, kijiko kikiwa hewani, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria kwa muda mrefu: “Baba, kama sisi hatuli wanyama, mbona tunanunua wanyama waliosagwa kwenye mikebe kwa ajili ya mnyama mwingine?” Mama yake alinitazama kwa namna iliyoonyesha kwamba jibu ni langu.

Nilimweleza ninachokijua. Mwanadamu anaweza kuishi vizuri bila nyama akipanga, na sisi tunapanga: mayai na maziwa yapo, vitamini B12 tunaifuatilia kwa kuwa mimea haina chanzo chake cha kutegemewa, na watoto wanajua kwamba ndimu kwenye adesi husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia. Mwili wa paka haufanyi kazi hivyo. Karoti tunayokula humpa mwanadamu kitu cha kutengenezea vitamini A. Paka hawezi kufanya ugeuzaji huo kwa kiwango cha maana, hivyo anahitaji vitamini hiyo ikiwa tayari, kama ilivyo katika maini. Pia hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kilichomo katika nyama. Mwaka 1975 ilionyeshwa kwamba paka wanaoikosa huharibika retina ya jicho, na mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walionyesha kwamba ugonjwa wa misuli ya moyo uliokuwa ukiwaua paka wengi wa majumbani ulitokana na upungufu huo huo. Cha kusikitisha ni kwamba paka hao walikuwa wakilishwa vyakula vya viwandani ambavyo kila mtu aliamini vinatosha. Viwango vya taurini vilipoongezwa, ugonjwa huo ukawa nadra.

Binti alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama taurini hiyo inayoongezwa viwandani hutoka kwenye nyama. Nililazimika kukiri kwamba mara nyingi hutengenezwa kwa njia ya kemikali. “Basi si inaweza kutiwa kwenye adesi?” alisema, na mama yake akacheka hadi akaweka glasi chini.

Swali lake si la kipuuzi, kwani vyakula vya paka visivyo na nyama vinauzwa na mabishano juu yake yanaendelea. Msimamo wangu ni kwamba bakuli la paka si mahali pa kujaribia. Mimi ninayetia siagi ya karanga katika biringanya kwa kubahatisha siwezi kuaminiwa kupima miligramu za kirutubisho ambacho upungufu wake hauonekani hadi moyo uwe umeshachoka. Nikikosea chakula chetu, tunakula mkate na kulala. Nikimkosea Chausiku, yeye hana pengine pa kula. Kwa hiyo tunanunua mikebe iliyoandikwa kwamba ni chakula kamili, tukiepuka ile ya chakula cha nyongeza ambayo haikutengenezwa kutosheleza mahitaji yote, na mabadiliko yoyote tutayasikia kwanza kwa daktari wa mifugo. Mama mkwe ana maoni ya tatu, kwamba paka aachwe akamate panya kama paka wa zamani, lakini hajapata mtu wa kumuunga mkono.

Tumekubaliana kwamba swali la adesi litapelekwa kwa daktari siku ya chanjo, na binti ameshaliandika pamoja na mengine ambayo hataki kunionyesha. Hadi siku hiyo yeye ndiye anayefungua mkebe kila asubuhi, pua ameiziba kwa vidole, huku akimweleza Chausiku kwamba jambo hili halijaisha.