Zege la Boga

Usiku wa kuamkia Jumapili saa zilirudishwa nyuma. Huku Ujerumani hufanya hivyo kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba: ikifika saa tisa usiku, inageuzwa kuwa saa nane. Asubuhi unaamka umepewa saa moja ya bure ya kulala, unashukuru. Jioni ndipo unapoilipa. Leo saa kumi na moja na dakika chache jua la Bremen lilikuwa limeshazama, na mimi nilikuwa bado niko kwenye tramu nikitazama sura yangu kwenye kioo cha dirisha.

Giza nimeshalizoea. Kinachoniudhi ni hesabu ya kumpigia Mama. Kiangazi chote tunapishana na Dar saa moja tu. Sasa ni mbili, mpaka Machi. Yaani tumetengana zaidi na hakuna aliyepanda ndege. Nikifika nyumbani, nikavua koti, skafu na viatu vya mvua, yeye anakuwa ameshashusha chandarua.

Nilishuka tramu nikiwa na hamu ya zege.

Kwa wasomaji ambao hawajakaa Dar, zege ni chipsi mayai, na ukitazama viazi vinavyokaa ndani ya yai kama kokoto, jina halihitaji maelezo. Pale kwetu Tandika kulikuwa na kaka mmoja aliyekuwa na kabati la vioo na jiko la mkaa. Mayai mawili aliyavunja kwenye kikombe cha plastiki, akayakoroga kwa kijiko kwa kasi mpaka ile sauti ya kijiko ikawa kengele ya mtaa. Chipsi kwanza kwenye kikaango, kile kidogo cheusi ambacho sidhani kama kiliwahi kuonja sabuni, halafu yai juu, halafu anafunika kwa sahani ya bati. Baada ya muda anapindua vyote kwenye sahani, anatelezesha tena upande wa pili, anaendelea kupiga soga bila kutazama mkono. Kachumbari, pilipili, tomato sosi, vijiti viwili vya kuchomea. Kama unabeba, mfuko mweusi wa nailoni. Hiyo ilikuwa kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku mwaka 2019.

Viazi sikuwa navyo. Nilikuwa na boga.

Hilo boga nililinunua Jumamosi nje ya mji, kando ya barabara ya mashambani. Meza ya mbao, maboga yamepangwa, bei imeandikwa kwa chaki, na kibati cha kutumbukizia hela. Muuzaji hayupo. Mwaka wangu wa kwanza huku nilisimama mbele ya meza kama hiyo dakika tano nzima nikimtafuta mwenyewe, nikaondoka mikono mitupu nisije nikaitiwa mwizi. Siku hizi natumbukiza sarafu zangu, ila naziangusha kwa kishindo, ili kama kuna mtu nyuma ya pazia asikie.

Aina hii wanaiita Hokkaido, jina la kisiwa cha kaskazini mwa Japani. Ni dogo, rangi ya chungwa iliyokolea, na raha yake ni kwamba halimenywi: ganda likipata moto linalainika na kuliwa. Mwaka jana nilijaribu kulifanyia zege nikaaibika. Nililikata vipande vibichi, nikakaanga na kitunguu, nikatia chumvi mapema. Boga likatoa maji. Nikamimina mayai juu ya maji. Halikushika kitu, na nilipojitia ufundi wa Tandika wa kupindua kwa sahani, nusu ilibaki kwenye kikaango na nusu ikaenda kwenye jiko. Iliyosalia niliila kwa kijiko.

Safari hii nilianza na oveni. Nilikata boga kwa unene wa chipsi, nikalipaka mafuta, chumvi na binzari nyembamba kidogo, nikalitandaza vipande visilaliane, nyuzi 200, kama nusu saa. Unataka pembe zianze kuwa za kahawia na vipande vikunje ngozi kidogo. Hapo maji yameshakwenda zake.

Wakati huo nikashughulikia sukuma wiki. Ya huku ina majani yaliyojikunja kama nywele zilizofumuliwa, lakini ni ukoo mmoja na ya kwetu. Wenyeji wa kaskazini huku husema isichumwe mpaka baridi kali iwe imeipiga, ndipo inapata utamu, kisha huipika muda mrefu na soseji mpaka inakuwa rangi ya jeshi. Wana sababu zao. Mimi niliondoa vikonyo, nikakatakata nyembamba kama ninavyojua, nikakaanga na liki moja kwa dakika tatu, nikaepua ingali ya kijani.

Mayai manne. Kila yai la dukani huku limepigwa mhuri, na namba ya kwanza inakusimulia maisha ya kuku: 0 wa kilimo hai, 1 anayetoka nje kutembea, 2 anayekaa bandani bila kizimba, 3 wa kwenye kizimba. Langu liliandikwa 1-DE-03, 03 ikiwa ni jimbo la Niedersachsen, linalouzunguka mji huu. Kwa hesabu zangu namba 1 ndiyo kienyeji, ingawa sidhani kama huyu kuku amewahi kuponea chupuchupu mbele ya bajaji. Kiini kilikuwa cha njano iliyoshiba, nikaridhika.

Mafuta yalipopata moto nikatandika boga chini, mboga juu, nikamimina mayai taratibu, nikatikisa kikaango ili yai lipenye chini. Moto mdogo, nikafunika. Nilisimama pale pale. Pembeni yai lilianza kushika na kupauka, katikati likibaki linacheza kama maji ya kisimani. Lilipoacha kucheza nikaweka sahani, nikashika pumzi, nikapindua.

Lilitoka zima. Mviringo, kahawia huku na huku, chungwa likichungulia kwenye nyufa. Nilijipigia makofi peke yangu jikoni.

Kachumbari haikuwezekana, nyanya za msimu huu huku hazina ladha. Nilikata kitunguu chekundu, nikakikamulia limau, nikatia pilipili ya kusaga ya kutosha, maana boga lina utamu ambao bila ukali wa pilipili unageuka kitafunwa cha chai. Chipsi zinatafunika, boga linayeyuka. Nikifumba macho haiwi Tandika hata kidogo. Vijiti vya meno nilivitoa, nikachoma kipande cha kwanza, kikakatikia njiani kikaanguka. Nikachukua uma. Nilipanga kubakiza nusu ya kesho kazini, lakini nilipoinua kichwa sahani ilikuwa tupu na vioo vya jikoni vimejaa mvuke hata hiyo mvua ya nje sikuiona tena.

Mbegu nimeziosha na kuzianika kwenye gazeti juu ya hita.

Nilimtumia Mama picha nikijua amelala. Asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu, ikaingia sauti yake. Nyuma yake jogoo na muuza mihogo. "Mwanangu, nimeona. Boga na mayai? Haya, makubwa. Mimi boga nalijua la nazi na iliki, tena kwa futari." Akanyamaza kidogo, nikasikia anaivuta picha karibu. "Limeungua huku chini, lakini sawa. Sasa niambie, na majani yake umeyafanyaje? Usiniambie umetupa."

Sikuwahi kuyaona hayo majani, Mama. Kwenye ile meza yalikuwepo maboga tu.