Nimekesha na sumu ya anemoni

Jana nimelala saa nane usiku kwa sababu ya protini moja. Inaitwa fragaseatoksini C, sumu ya anemoni wa bahari Actinia fragacea, yule mwekundu mwenye vidoa kama stroberi, wa pwani za Ulaya magharibi. Nilipakua umbo lake kwa ajili ya somo tu, nikadhani nitamaliza kwa dakika kumi!

Ikiwa peke yake majini, ni kitu kipole: mnyororo wa amino asidi 179 (vijenzi vya protini), tabaka mbili za nyuzi za beta, yaani sehemu za mnyororo zilizonyooka, zimebanana kama chapati mbili, na heliksi moja, yaani sehemu iliyojisokota kama springi, kila upande. Shida inaanza ikikutana na utando wa seli wenye sfingomielini, aina mojawapo ya mafuta. Heliksi ya mwanzoni mwa mnyororo inabanduka, inajinyoosha, inazama kwenye mafuta ya utando. Protini nane zikikusanyika, heliksi zao zinaunda tundu lenye umbo la faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Ioni, yaani chembe zenye chaji, zinapita ovyo, maji yanaingia, seli inavimba na kupasuka.

Kilichoninyima usingizi ni picha ya tundu hilo iliyochapishwa mwaka 2015. Nilikuwa nalizungusha kwenye skrini, nikaona nafasi kati ya heliksi, na ndani yake lipidi, yaani mafuta ya utando wenyewe, zimejipanga. Yaani ukuta wa tundu umejengwa kwa sumu pamoja na mafuta ya seli inayouawa. Nikamwamsha mwenzangu wa chumba aone. Akasema, "Zima taa."