Siku moja maishani mwangu: napima maji yaliyobeba dhahabu

Saa 12:30 asubuhi nafungua maabara, jua likiwa halijapiga bati. Hadubini inawashwa kabla hata chai haijachemka. Jiwe lililo chini ya lenzi ni kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa Geita wanalifuata shimoni kwa imani kwamba ndilo lenye mali, na ndani yake kuna vitone vya maji vilivyonaswa tangu jiwe lilipokuwa linakua. Asubuhi, chumba kikiwa baridi, kitone kizuri kinaonyesha vitu vitatu kwa pamoja: maji ya chumvi pembeni, kabonidioksaidi ya kimiminika ndani yake, na kiputo cha gesi katikati. Mchana pete ile ya katikati hufifia na kupotea, maana kabonidioksaidi ikivuka nyuzi joto 31.1 haiwezi kukaa kama kimiminika tena, na mara nyingi hutoweka hata kabla ya hapo. Mwanza mchana, chini ya bati, na taa ya hadubini ikiwaka, haidumu. Kwa hiyo kuchora na kupiga picha ni kazi ya alfajiri.

Mtaani wanajua "nafanya kazi ya dhahabu." Kwenye daladala naombwa kipande, kwenye harusi naulizwa bei ya gramu. Dhahabu yenyewe siioni. Ninachopima ni maji yaliyoibeba.

Maji ya kisima hayayeyushi dhahabu. Lakini kilomita kadhaa chini ya ardhi, kwenye joto la nyuzi 250 hadi 400, maji yenye salfa ndani yake huweza kuichukua: dhahabu hushikamana na salfa na kusafiri nayo kupitia nyufa za miamba. Yakikuta mwamba wenye chuma kingi, kama ile miamba ya mistari ya chuma ya Geita, chuma huinyakua salfa na kutengeneza pairaiti, na dhahabu iliyonyang'anywa mbebaji wake hutua hapo hapo. Yote hayo kwenye miamba ya Kanda ya Ziwa yalitokea zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Kitone ninachokitazama ni masalia ya safari hiyo, na unywele wa kichwani ni mnene kukizidi mara kadhaa.

Saa 2 nakata mawe na kuyang'arisha pande zote mbili hadi mwanga upite, kwa gundi isiyohitaji moto, maana moto ungeharibu vitone.

Saa 3 na nusu anaingia mzee mmoja mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, na mfuko wa sandarusi uliojaa mawe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipimie, uniandikie karatasi kwamba ina dhahabu."

Namweleza kwamba kiwango, yaani gramu kwa tani, hupimwa kwenye maabara nyingine kwa kuyeyusha jiwe lililosagwa, na kwamba mimi napima maji. Anakaa kimya, kisha anauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kudanganywa: "Unanidai hela ya kupima maji ya jiwe kavu?" Amekwisha kumlipa, naja kufahamu, mtu aliyepita kijijini na kifaa chenye taa, akamwonyesha pa kuchimba. Maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia, vijana wa kuwalisha, pampu ya kukodi. Na sasa anataka karatasi ampelekee mwenye mtaji anayesitasita.

Ningeweza kumwandikia. Muhuri ninao, na karatasi kama hizo zinazunguka Kanda ya Ziwa nzima, watu wanauza ng'ombe kwa ajili yake. Siandiki. Tunabishana karibu saa nzima. Anaondoka hadi mlangoni, anarudi. Anataka kuongea na bosi wangu. Anapiga simu kwa mpwa wake, ananipa simu, mpwa naye anasema yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Nawaambia wote wawili jambo moja: jiwe lenye maji ya aina sahihi linaweza kuwa tupu kabisa, kwa sababu yale maji yalipita kwenye nyufa nyingi na kuacha mzigo kwenye chache.

Mwishowe namkalisha kwenye hadubini. Anakodoa muda mrefu. "Kinatikisika," anasema. Ndiyo, kile kiputo kidogo hutikisika chenyewe. "Haya maji ni ya lini?" Namwambia: yalikuwepo kabla ziwa hili halijakuwepo. Anavua kofia. Tunakubaliana: nitapima jiwe moja kutoka kila duara.

Naitrojeni ya kimiminika, ya kugandishia vitone, iliyoahidiwa saa 4 inafika saa 8. Ni ileile wanayohifadhia mbegu za uhimilishaji wa ng'ombe, na ng'ombe wanatangulia.

Kisha kazi yenyewe. Unaanza na baridi, kamwe si moto, maana kitone chenye gesi nyingi ukikipasha kwanza kinapasuka na ushahidi umekwisha. Nashusha hadi nyuzi 100 chini ya sifuri, kila kitu kinaganda, halafu napandisha polepole. Unyevu wa ziwa unaganda kwenye kioo, napuliza naitrojeni kavu, nasubiri. Kwenye 57.1 chini ya sifuri kabonidioksaidi inayeyuka. Ingekuwa safi ingeyeyuka kwenye 56.6, kwa hiyo kuna gesi nyingine kidogo, huenda methani. Napandisha tena. Juu ya sifuri kuna fuwele za maji na gesi zilizoungana, hazionekani kwa macho ila kwa namna zinavyokibana kiputo. Lazima upashe, upoze, upashe tena, hatua ndogo ndogo, bila kuondoa jicho. Shingo inauma. Jicho la kulia linatoa machozi. Zinayeyuka zote kwenye nyuzi 8.1, joto linaloonyesha chumvi karibu asilimia 4, inayokaribia ya bahari. Namba hiyo moja imekula sehemu kubwa ya mchana.

Sijui ni saa ngapi napoanza kupasha moto. Kuna giza nje. Vitone viwili vinapasuka, kimoja kinavumilia, maji na gesi yake vikawa kitu kimoja kwenye nyuzi 283. Joto halisi la kunaswa lilikuwa juu ya hapo. Jiwe la duara la pili halina kabonidioksaidi hata chembe: maji matupu, joto dogo, mshipa uliokuja baadaye sana.

Nampigia mzee. Duara la kwanza, namwambia, maji yake yanafanana na yale yanayobeba dhahabu ukanda huu, ila hiyo si dhahabu. Chukua mawe pale kwatsi inapokutana na mwamba mweusi wa chuma, penye pairaiti, uyapeleke yakapimwe kiwango. La pili simamisha, usilishe vijana bure.

"Na karatasi?"

"Nitaandika hayo hayo, mzee. Na ukileta mengine, andika jina la duara kwenye kila mfuko."

Anasema mpwa wake atapanda basi la asubuhi.