Ukuta wa Katuba

Nilifika Katuba, sehemu ya mji wa Lubumbashi kule Kongo, mwaka 2018 kuwa mchungaji wa kanisa, nikiwa na masanduku mawili ya vitabu vya Kifaransa, godoro, na kaye, yaani daftari, moja ya kijani. Ndani ya kaye ile mlikuwa na mpango wangu wa miaka mitatu. Niliuandika Mulungwishi, kwenye chuo chetu cha Kimethodisti, pale kati ya Likasi na Kolwezi, usiku baada ya usiku, malori ya shaba yakinguruma barabarani. Mwaka wa kwanza: bati jipya. Mwaka wa pili: madarasa mawili ya watoto. Mwaka wa tatu: vyombo vya kwaya. Nilikuwa nimeombea kila mstari, na hadi leo sioni kosa katika kuomba kwangu. Kosa lilikuwa kwamba nilikuwa sijaliona kanisa lenyewe.

Jumapili ya kwanza watu walitoka kwenye ibada wakamsalimu mume wangu. "Karibu sana, Pasta." Kwetu Lubumbashi ukisema Mama Pasta, watu wanaelewa mke wa mchungaji, basi waliponiona nimevaa joho walidhani labda mwenyewe amechelewa njiani. Mume wangu ni fundi wa magari. Alikuwa akiwashika mikono kwa adabu, kisha anawageuza kwangu mmoja mmoja. Nilimpenda zaidi siku ile.

Kanisa lilikuwa jengo dogo la matofali ya udongo mbichi, limeezekwa mabati yaliyotoboka. Kulizunguka pande zote nne kulikuwa na ukuta mwingine mpana zaidi, wa matofali ya kuchoma, uliofika usawa wa madirisha ukakoma hapo. Wengi wetu tunajenga hivyo: kanisa kubwa linapanda likilizunguka lile dogo, ibada zinaendelea ndani, na siku ya kuezeka ndipo lile dogo linavunjwa. Huu wa kwetu ulikuwa umesimama tangu 2003. Majani yameota juu yake, watoto wanaupanda kama farasi, na upande wa mashariki umevimba kwa nje.

Nilimwita fundi mwashi. Alipiga kamba, akatikisa kichwa. "Huwezi kuweka paa juu ya hii, Mama. Itamwangukia mtu." Nikapiga hesabu. Kama ukuta wote ungeshushwa, matofali yangetosha madarasa mawili, na lile kanisa dogo tungelitia bati tu. Mwaka wa pili wa mpango wangu ungekamilika ndani ya mwaka wa kwanza. Jumapili iliyofuata nikatangaza salongo, kazi ya pamoja: Jumamosi asubuhi kila mwenye nguvu aje na nyundo, tunabomoa. Kanisa zima likaitikia, "Amina."

Nilikuwa sijajua bado kwamba kuna Amina nyingi. Ipo ya furaha, ipo ya kumheshimu mchungaji asiaibike mbele za watu, na ipo ya mtu anayekungoja uone mwenyewe.

Jumamosi ile ilikuwa ya Septemba, joto limeanza, mijakaranda ya mjini imefunguka zambarau. Walikuja saba, wote vijana. Mzee hata mmoja hakuja, wala akina mama wa Kipendano, umoja wa wanawake wa kanisa letu, ambao tangu nifike walikuwa hawajakosa kazi yoyote. Tulisali, kijana mmoja akainua nyundo, na hapo nikamwona Papa Kapita anaingia uwanjani na fimbo yake. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja pembe ya mashariki, pale palipovimba, akakaa juu ya ukuta, akaweka fimbo magotini.

Nikamwendea. "Papa, shikamoo. Hapo unapokaa pana hatari."

"Nani alikwambia hii kona imepinda?"

"Fundi, Papa."

"Fundi amesema kweli. Njo miye niliipindisha." Njo kwetu ni ndio.

Vijana walishusha nyundo. Akanionyesha nikae naye, nami nikakaa na hatari ile ile niliyomwonya. Alisimulia kwa muda mrefu, na mimi, niliyezoea kusemeshwa na watu kwa haraka kwa sababu wanaona nina kazi nyingi, nilijilazimisha ninyamaze.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Papa Kapita alikuwa mmoja wao, na kanisani mwetu walikuwa wengi. Kila mmoja alikuwa na malipo ya mwisho mkononi, na kila mmoja alijua fedha zile hazitarudi mara ya pili. Mchungaji wa wakati huo hakuomba fedha. Aliomba matofali. Alisema fedha inaliwa na midomo mingi kabla haijafika madhabahuni, lakini tofali halina wa kulila. Basi watu wakaenda nje ya mji, kwenye vichuguu. Udongo wa kichuguu ndio tunaofyatulia matofali, unashikana vizuri. Wakafyatua, wakapanga tanuri, wakachoma wenyewe. Papa Kapita alileta 600. Mtengeneza redio mmoja alileta 200, wapishi wawili waliokuwa mapacha wakaleta 400 pamoja, wasikubali kuhesabiwa mbalimbali. Mjane mmoja aliyekuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, sokoni alileta kumi na mawili, kwenye beseni, kichwani, kwa miguu.

Mafundi walilipwa hadi fedha ikaisha. Walipoondoka, wanaume hawa wa shaba na mashine wakaendelea kujenga wenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, bila kujua kutumia kamba ya fundi. Ndiyo maana ya ule uvimbe. Kisha maisha yakabana, watu wakaanza kufa au kuhama, na ukuta ukabaki usawa wa madirisha.

Alisimama, akatembea nami kuuzunguka wote. Alikuwa akigusa kwa ncha ya fimbo. "Hii iko ya yule wa redio, alikufa 2006. Hii nyekundu sana ilitoka tanuri ingine, njo ya mapacha. Huyu alihamia Kipushi. Hii yote, kutoka hapa mpaka pale, iko ya bibi yangu." Bibi kwa Kiswahili chetu ni mke. Nilikuwa najua mkewe ni marehemu. Kwamba alikuwa na mita tatu za ukuta, sikuwa nimeambiwa.

Nilimwuliza kama anataka tuache kubomoa. Akaniangalia kana kwamba sijasikia neno lolote.

"Kubomoa, tubomoe. Imepinda! Lakini ungeuliza kwanza iko ya bantu gani." Bantu, yaani watu.

Nikasikia haya, na sioni aibu kuiandika. Kule Mulungwishi nilifundishwa vizuri, nawashukuru walimu wangu hadi leo. Nilijua kueleza kwa Kifaransa kanisa ni nini, kuanzia Waraka wa Kwanza wa Petro, mawe yaliyo hai na yote. Nilikuwa nimeihubiri hata hiyo sura. Na bado nilikuwa nimeleta nyundo saba.

Tulibomoa pembe ya mashariki tu, na tuliifungua tofali kwa tofali. Hilo lilichukua Jumamosi tatu badala ya asubuhi moja. Papa Kapita alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwaelekeza vijana, kila rundo mahali pake, la familia hii hapa, la ile pale. Jumamosi ya pili akina mama wa Kipendano wakaja na bukari, ndio ugali, na ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, hakuna aliyewaita. Waliosha kila tofali lililong'ang'aniwa na udongo. Wazee wakaanza kuja mmoja mmoja, wakisimama karibu na rundo lao, wengine wakibishana kwamba hesabu si ile.

Jumamosi ya tatu alikuja mtu nisiyemjua, mwenye pimamaji na mwiko wake kwenye mfuko wa simenti. Alikuwa amesikia huko mtaani kwamba matofali ya mama yake yanahamishwa. Alinisalimu kwa ufupi, akauliza yako wapi. Alipoonyeshwa, alivua shati akaanza kuyajenga upya, peke yake, kwa mkono wa fundi hasa. Jioni nilimkaribisha kwenye ibada ya kesho yake. Akasema, "Tutaona, Mama." Hakuja. Jumamosi iliyofuata alikuja tena na mwiko. Mwaka mzima alikuja hivyo, na bila yeye ule ukuta usingefika kwenye bati. Kwenye daftari la washirika jina lake halimo. Wakati wa kutoa hesabu ya washirika wetu kwa msimamizi wa wilaya, kalamu yangu husita hapo.

Tangu hapo nimeufikiria utumishi wangu kwa namna nyingine. Sisi wachungaji wa Kimethodisti hatuchagui pa kukaa. Konferensi ya mwaka ikifika mwisho, Askofu anasoma majina na vituo, na jina lako likisomwa na mahali pengine, unafunga masanduku. Zamani nilidhani mpango ndio nitakaouacha nyuma nikiondoka. Sasa najua nitakuta huko niendako ukuta ulioishia usawa wa madirisha, na watu wake ndani yake, na mzee mmoja anayewajua. Nimeamua, Mungu akinipa afya, kwamba mwaka wangu wa kwanza popote nitazunguka naye kwanza. Kaye ya kijani ninayo bado. Nimeigeuza nyuma, ninaandika humo matofali ya nani yako wapi, kwa sababu Papa Kapita anazeeka.

Kwenye Konferensi iliyofuata alikuja kuketi kando yangu mchungaji mstaafu, mwembamba, koti lake kubwa. Alikuwa amesoma kwenye beji yangu jina la kituo. Ndiye aliyewaomba watu matofali mwaka 2003, akahamishwa kabla ya kuona ukuta umefika wapi.

"Ile kona ya mashariki," aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu Askofu alikuwa anasoma, "mliinyoosha?"

"Tumeinyoosha, Baba."

Akafunga macho kidogo. Kisha akauliza, "Na yale kumi na mawili ya yule mama wa sombe, yako wapi?"

Sikujua. Nilimwahidi nitauliza. Siku niliyorudi Katuba nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Kapita, akanipeleka mpaka mlangoni, akainama kwa shida, akafagia vumbi kwa kiganja kwenye mstari wa chini kabisa, pale kila anayeingia anapopita. Tulihesabu pamoja. Yalikuwa kumi.

"Mbili zilivunjika njiani," akasema. "Alilia sana. Tulimwambia Mungu ameshazihesabu."