Q bila U, na mjomba aliyenichapa kwa wakfu

Kama hujawahi kucheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi kuwa maneno ubaoni kwa pointi, hujui mateso ya herufi Q. Iko moja tu kwa mfuko mzima wa vipande 100, ina pointi 10, na U zenyewe ziko 4 tu, sasa ukishavuta Q unaanza kungoja U kama mkulima anayengoja mvua, na mwenzako akimaliza vipande vyake wewe bado umeikumbatia unakatwa 10 zako na yeye anaongezewa 10. Nimeshindwa hivyo mara nyingi hadi aibu. Si shuleni tuliambiwa Q na U ni chanda na pete? Queen, quick, quarrel, yameisha.

Kumbe hata kwa Kizungu chenyewe hiyo ndoa ni ya juzi juzi. Zamani Waingereza waliandika cwen na cwic, halafu Wanormani wakaja kuiteka Uingereza 1066 na makarani wao wakaleta qu yao ya Kifaransa na Kilatini. Maneno yaliyoingia baadaye kutoka kwingine hayana habari na hiyo U.

Aliyenifungua macho ni mjomba wangu, karani mstaafu hapa Mombasa, huwa tunacheza barazani baada ya laasiri na kahawa thungu pembeni. Siku hiyo akapanga W, A, Q, F, katulia kimya. Mi nikacheka.

"Mjomba, hapa twacheza Kizungu, hilo ni neno la chuoni."

"Haya, chalenji."

Nikachalenji. Kuangalia kwenye simu, kamusi ya Collins ambayo ndiyo wanayotumia mashindanoni huku kwetu, neno limo! Waqf ni wakfu ile ile, mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala isirithiwe. Pointi 19, na kwa sheria zetu za barazani nikapoteza na zamu.

Usiku sikulala nikaanza kuyatafuta maneno yote yenye Q bila U, na ndo nikagundua nimekuwa nikiyasema tangu mtoto ila kwa K. Kiarabu kina ile qaf ya kooni, sisi tuliigeuza K, Wazungu wakaiandika Q wakaiacha peke yake. Basi qadi ni kadhi, huyu huyu wa mahakama zilizomo kwenye katiba yetu ya 2010. Faqir ni fakiri. Talaq ni talaka, pointi 14, rahisi kuliko ile yenyewe. Qibla ni kibla, ambayo sisi watu wa Mombasa ni kaskazini karibu moja kwa moja. Qasida ni kaswida, japo kwao ni shairi refu la Kiarabu tu wala hakuna dufu. Niqab haina haja ya maelezo. Ila burqa ndiyo iliyonishangaza, ni ndugu wa barakoa! Ile waliyovaa mabibi wa Unguja na Oman usoni, halafu ikaja korona neno likahamia kwa kile kitambaa cha mdomoni, na vijana wengi wanadhani lilibuniwa 2020.

Qat ni miraa, Watanzania wanaita mirungi. Hilo mjomba analipenda, sitasema kwa nini.

Yako pia yasiyo ya Kiarabu. Qi ni la Kichina, ile nguvu ya uhai mwilini, na hili ndilo la kukariri kabla ya yote maana ni herufi mbili tu linaingia popote, ukiiweka Q juu ya ule mraba unaozidisha herufi mara tatu na qi ikasomeka pande zote mbili, kulala na kusimama, unaondoka na 62. Umiaq ni mashua ya ngozi ya watu wa barafuni kule kaskazini. Mbaqanga ni la Kizulu, kwanza ni chakula cha mahindi halafu ikawa muziki, na hiyo Q wenyewe wanaialisha kwa ulimi. Qwerty unayo mkononi saa hii, angalia herufi za mstari wa juu wa kibodi yako.

Sasa ungedhani baada ya kukariri yote hayo nimekuwa bingwa. Wiki iliyopita mfuko umeisha, mjomba kabaki na kipande kimoja, mimi mkononi nina Q, U na S. Nikashukuru Mungu, U hiyo hapo! Nikaanza kutafuta pa kuweka quest, squat, quits, chochote, ubao umejaa hakuna pa kupenya, nikapita zamu. Mjomba akaweka kipande chake, kamaliza. Halafu akachukua herufi zangu tatu akazipanga kwenye kona iliyokuwa wazi muda wote: S, U, Q. Suq, pointi 12, yaani soko.

"Mjomba," akaniambia, "soko unalo mkononi, nawe warudi na kikapu kitupu."