Nilivyomaliza masta ya meli na bandari wakati hesabu nilizikimbia toka zamani

Mimi nilitokea uhasibu. Meli nilikuwa naijua kwa karatasi tu, ankara ya wakala ikija naangalia jumla, nalipa, imeisha hiyo. Kwa hiyo nilivyoanza masta ya usafirishaji wa baharini na lojistiki ya bandari nilijua ni mambo ya usimamizi na maneno mengi, kumbe semista ya kwanza tu tukapigwa na sheria za bahari, uchumi wa meli na hesabu za foleni kwa mpigo, na darasani kuna watu wa aina mbili, mabaharia walioishi melini miaka na mainjinia wanaochezea fomula, mimi nipo katikati kama mzigo usio na mwenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukariri. Nilikuwa na daftari zima la vifupisho, Incoterms zote 11 (yale masharti ya kimataifa ya muuzaji na mnunuzi, nani anabeba gharama gani), nani analipa bima kwenye CIF ambayo ni mojawapo, halafu kanuni za kimataifa za kubeba mizigo baharini, za Hague-Visby, za Hamburg za 1978, za Rotterdam za 2008. Kazi tatu za hati ya shehena ningekutajia nikiwa usingizini, ni risiti ya mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kusafirisha na ni hati ya umiliki. Sasa siku hiyo lekchara akaniuliza, meli imefika, hati bado iko benki, mwenye mzigo yuko getini anataka mzigo wake, nahodha afanye nini? Nikaganda. Jibu ni kwamba kwa kawaida mwenye meli anaombwa atoe mzigo kwa barua ya dhamana, na akitoa akaja mtu mwingine na hati halisi mkononi basi yeye mwenye meli ndo amekwisha, hapo anabaki kuiangalia hiyo barua kama aliyemwandikia ana hela kweli ya kumlipa.

Kilichonibadilisha hasa ni asaimenti ya demareji. Kwa ambaye hajui, mtu akikodi meli anapewa muda maalum wa kupakia au kupakua, muda ukipita analipa faini kwa siku, ndo demareji yenyewe. Swali lilikuwa hivi: tani 30,000 za shehena kichele, yaani mzigo unaomwagwa melini bila magunia wala kontena, kasi ya kupakua tani 6,000 kwa siku, kwa hiyo siku 5, Jumapili na sikukuu zinahesabiwa, mvua ikinyesha muda unasimama, demareji dola 12,000 kwa siku. Mkataba unasema notisi ya meli kuwa tayari ikitolewa hadi saa sita mchana muda unaanza saa saba mchana huohuo, ikitolewa baada ya hapo unaanza kesho yake saa kumi na mbili asubuhi. Nikapiga hesabu kwenye eksel, rangi nzuri nzuri, nikatuma kwa kujiamini kabisa.

Ikarudi imezidi dola 3,500, na lekchara ameandika pembeni, "Makosa ni mawili, moja limejificha nyuma ya mwenzake."

Nikatafuta usiku mzima sijaona kitu. Kesho yake nikamwonyesha jamaa mmoja wa darasani, alikuwa nahodha zamani, wote tunamwita Kapteni. Akachukua karatasi, akachora mstari mmoja mrefu akaanza kuandika saa tu, meli imetia nanga saa ngapi, rubani wa bandari kapanda melini saa ngapi, kamba zimefungwa saa ngapi. Akafika kwenye notisi akasimama. "Mdogo wangu, hii notisi imetolewa saa sita na dakika kumi." Mimi nilisoma "saa sita" nikaenda zangu! Zile dakika kumi zinasogeza mwanzo wa muda kutoka saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili asubuhi ya kesho, masaa 17 hayo, yaani nimemtoza aliyekodi meli dola 8,500 za bure. Halafu akanionyesha mvua ya mwishoni, masaa 10, mimi nimeyatoa. "Hapa alishaingia kwenye demareji. Ukishaingia hakuna cha mvua, saa inatembea mpaka kazi iishe, labda mkataba useme vingine." Dola 5,000 nilizosamehe kwa huruma yangu. Toa 5,000 kwenye 8,500 unapata ile 3,500. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Toka siku hiyo kila kitu nikawa nakichorea mstari wa saa, hata sheria. Kontena nalifuata kuanzia linapofungwa lakiri mpaka linarudi tupu, na kila linaposimama naandika linamsubiri nani, lina karatasi gani, na nani analipa likisimama. Ukifanya hivyo mara kumi na tano utashangaa, vile vifupisho vinakaa kichwani bila kuvilazimisha.

Foleni ndo ilikuwa mlima. Lekchara anaandika alama za Kigiriki ubao mzima, mimi naangalia saa. Nikaamua niache fomula kubwa nichukue gati moja tu, meli zinakuja bila ratiba, kila moja inahudumiwa kwa wastani wa siku moja. Kwenye mfano ule rahisi kabisa wa foleni, gati likiwa na kazi asilimia 50 ya muda wote meli inasubiri wastani wa siku 1. Asilimia 80, siku 4. Asilimia 90, siku 9! Nikarudia kwa kikokotoo nikidhani nimekosea. Mhasibu yeyote akiona mtambo unafanya kazi asilimia 90 anafurahi, kumbe baharini huko kuna mlolongo wa meli zimetia nanga zinachoma mafuta na hela za watu. Hapo ndo nikapata mada ya tasnifu, muda wa kusubiri nje ya bandari.

Data nikatumia AIS, zile ishara ambazo meli inarusha kuonyesha ilipo na kasi yake. Nikachuja meli zote zilizojiandika "zimetia nanga" nikachora ramani. Supavaiza akaitazama akaniuliza taratibu, hii meli imetia nanga na inakimbia noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa? Aibu. Kumbe ile hali inaingizwa kwa mkono na ofisa wa zamu pale chumba cha kuongozea meli, akisahau kubadilisha meli inasafiri huku inasema imelala. Wiki tatu za kazi zikaenda na maji. Nikaanza upya bila kugusa ile hali, nikaangalia kasi iko chini ya noti moja kwa masaa kadhaa na meli iko ndani ya eneo la kutia nanga nililolichora mwenyewe, hapo picha ikaanza kueleweka. Kama unaanza tasnifu ya aina hii chukua siku chache za data kwanza uziangalie kwa macho meli moja moja, usikimbilie kupakua mwaka mzima kama mimi.

Kwenye utetezi mmoja wa watahini akauliza swali nililokuwa nalisubiri, kwa nini wasijenge gati la pili wamalize maneno? Nikamwambia kwa ule mfano wa asilimia 80, ukiongeza gati la pili foleni ikabaki moja, kusubiri kunashuka kutoka siku 4 mpaka chini ya masaa matano, lakini kila gati linakaa bure asilimia 60 ya muda, sasa mwenye meli anafurahi na aliyekopa hela za kujenga analia. Akauliza, "Wewe ungejenga?" Nikasema nipeni kwanza demareji inayolipwa kwa mwaka na riba ya mkopo, nikaanza kuchora mstari wa saa kwenye ubao wao, wakaniambia inatosha kaa chini.

Nilipita, ila na masahihisho. Jedwali moja niliandika noti badala ya maili.