Laptopu yangu ya gemu, na ile "grafiki GB 12" niliyoikataa Kariakoo

Naandika hii kwa sababu nimechoka. Kila mtu akiuliza laptopu ya gemu anajibiwa "chukua i7, RAM 16, umemaliza," yaani prosesa ya Intel na kumbukumbu ya muda ya GB 16. Hujamaliza kitu ndugu yangu. Mimi sasa hivi nacheza Forza Horizon 5, gemu la mbio za magari, haikwami popote, mashine nimeipata kwa milioni tatu na ushee, na ningewasikiliza hao washauri hela ileile ingeishia kwenye mashine ya ofisini.

Tuanze na hiyo i7 yenyewe. Kabla hujashangilia namba ya mbele soma herufi ya mwisho. i7-1355U ina kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) kubwa 2 tu, zile 8 zilizobaki ni ndogo za kubana umeme, na imetengenezwa kwa wati 15. i5-12450H ina kori kubwa 4 na ndogo 4, hiyo ni ya wati 45. Ukikaa kwenye gemu saa nzima i5 ya H inashikilia spidi yake, ile ya U inaanza kwa mbwembwe halafu inashuka. Kuna muuzaji nilimweleza hivyo akanijibu "kaka, i saba ni i saba tu." Nikamuaga.

Sasa ngoja niwape ya grafiki maana hapa ndipo watu wanapigwa kweli. Niliona tangazo, mashine kali, kibodi ina taa za rangi zote, RAM 16, SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 512, halafu kwa herufi kubwa GRAPHICS 12GB, bei milioni mbili na kidogo. Nikashtuka palepale. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ina kumbukumbu yake: RTX 4060 ya NVIDIA ya laptopu ina GB 8, 4070 ya laptopu nayo ni GB 8 hizohizo, kwa kizazi kile ukitaka GB 12 inabidi upande mpaka 4080 na hiyo bei yake ni mara mbili ya pale na bado unaongeza. Nikaenda hadi dukani nikaione kwa macho.

Nikamwomba dogo wa dukani aiwashe, nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc ikafunguka Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha hali ya mashine, nikaingia Performance, nikashuka mpaka GPU, yaani kadi ya grafiki. Bosi wake akawahi na kidole, "si unaona kaka, GPU memory 11.9, tangazo halidanganyi." Na kweli imeandikwa 11.9. Ila pale pembeni kuna mistari miwili ambayo hakuna anayeisoma, mmoja umeandikwa Dedicated 4.0, mwingine Shared 7.9. Kumbukumbu ya kadi yenyewe ni hiyo GB 4 tu, na juu jina lake lipo wazi, RTX 3050. Hiyo 7.9 ni nusu ya RAM ya mashine ambayo Windows inairuhusu kadi ikope ikizidiwa, na ikishaanza kukopa huko gemu inakatakata vibaya kwa sababu njia ya kutoka kwenye RAM hadi kwenye kadi ni nyembamba mno. Nikamwambia bosi, hii RAM umeshaniuzia pale juu kwenye ile 16, sasa unaniuzia tena huku ukiiita grafiki.

Akabisha. Watu wakaanza kusogea. Nikaona maneno hayatoshi, nikamwita fundi wa meza ya pembeni nikamwambia fungua kifuniko cha chini, chomoa kipande kimoja cha RAM, kadi usiiguse. Bosi alisita kwanza, ila mbele za watu akakubali. Vilikuwa vipande viwili vya GB 8, fundi akatoa kimoja, mashine ikawashwa tena, turudi Task Manager: GPU memory 7.9. Yaani "grafiki" imeshuka kutoka 12 mpaka 8 na kadi imekaa palepale ilipokuwa! Dedicated 4.0 haijatikisika. Yule dogo ndo akaelewa, naamini kabisa alikuwa anawaambia wateja GB 12 kwa nia njema kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Kulikuwa na jamaa pembeni kashaanza kuhesabu hela ya mashine kama ile, akazirudisha mfukoni. Hapo nilifurahi jamani siwezi kuficha.

Kwa hiyo ukiambiwa GB za grafiki soma Dedicated, basi.

Jambo la pili wengi hawalijui ni wati za kadi. RTX 4060 siyo zote sawa, NVIDIA inawaruhusu watengenezaji kuiwekea kuanzia wati 35 hadi 115, na zipo zinazoongezewa zikafika 140. Jina moja, stika moja, ila ile nyembamba nzuri ya kubebea chuo inaweza kuachwa mbali sana na ile nene. Fungua NVIDIA Control Panel, nenda System Information, tafuta mstari wa Maximum Graphics Power. Mimi nilichukua nene ya 140, ni nzito kweli na chaja yake ni tofali la wati 230 lakini ndo bei ya kucheza. Na anayekwambia utacheza kwa chaja ya Type-C ya simu muulize ina wati ngapi. Kwenye betri pia usitegemee, umeme ukikatika kadi inajishusha yenyewe, gemu linakuwa zito hapohapo.

Joto lipime kabla hujalipa. Dukani kuna AC, kwako Mbagala Januari hakuna, kwa hiyo niliomba gemu lizunguke kama nusu saa huku nimeweka HWiNFO, programu ya kupima hali ya mashine, pembeni naangalia nyuzi na spidi ya prosesa. Spidi ikianza kuporomoka na feni zinalia, achana nayo.

RAM yangu ilikuja kipande kimoja cha 16. Task Manager inakuonyesha slots used 1 of 2. Nikatafuta cha pili kinachofanana, DDR5 maana DDR4 haiingii kabisa, na zile kukwama za ghafla ukikata kona mjini zikaisha. Wengi wanalaumu kadi kumbe RAM ya kipande kimoja inapita njia moja badala ya mbili.

Kioo nacho, usidanganywe na 144Hz (picha hubadilika mara 144 kwa sekunde) peke yake. Zipo za 144Hz zenye rangi zilizofifia, kwenye karatasi utaona 45% NTSC, yaani rangi chache. Tafuta 100% sRGB, yaani rangi kamili za kawaida, na mwanga nits (kipimo cha mwanga) 300 kwenda juu, weka picha moja kwenye mashine mbili ukiziweka pamoja macho yatakwambia yenyewe.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, chukua, waandike na serial namba, bila hiyo warantii ni hadithi. Punguzo nililopata lilikuwa laki na kitu, sikukazana sana kwa sababu waliniacha nijaribu kila kitu bila kununa.

SSD ya 512 imeshajaa, GTA V peke yake ni zaidi ya GB 100. Bahati nilihakikisha ina nafasi ya pili ya M.2, ya kuchomeka SSD nyingine, na bado iko wazi, kwa hiyo mwenye SSD ya NVMe (aina ya kasi) saizi 2280 ya TB 1, mpya na siyo SATA (aina ya polepole), anitajie bei.